Mtunzi, Mwimbaji na Daraja: Uhakiki wa Maonyesho ya Simon na Garfunkel ya Mwaka 1969

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki maonyesho ya waimbaji wawili wa Kimarekani, Paul Simon na Art Garfunkel, waliyoyafanya mbele ya hadhira katika miezi ya Oktoba na Novemba mwaka 1969, ushirika wao ulipokuwa ukingoni. Maonyesho hayo yalifanyika katika miji mbalimbali ya Marekani. Yalirekodiwa wakati huo huo, lakini rekodi zake zilikaa kabatini kwa takriban miaka arobaini kabla ya kutolewa mwaka 2009 katika albamu iitwayo "Live 1969".

Msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika ana haki ya kuuliza: yatuhusu nini? Wawili hao waliimba kwa Kiingereza, na muziki wao ni ule uliochanganya nyimbo za jadi za Wazungu na mapigo ya roki. Jibu letu ni kwamba maonyesho hayo yanaliweka wazi swali ambalo uhakiki wetu wa nyimbo na mashairi ya Kiswahili umelikwepa kwa muda mrefu, nalo ni hili: wimbo ni wa nani? Ni wa yule aliyeyatunga maneno na mahadhi yake, au ni wa yule ambaye koo lake ndilo lililoufikisha masikioni mwa watu?

Sisi tuliozaliwa chini ya Ndara, na Wataita kwa jumla, hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta swali hili. Wimbo wa "Malaika" ulivumishwa na mwana wa kwetu, Fadhili William, ambaye jina lake la ukoo, Mdawida, lilitangaza asili yake kila lilipotajwa. Aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na kundi la Jambo Boys. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika albamu yao, na mwaka 1981 kundi la Boney M likaurekodi huko Ulaya. Hata hivyo, mpaka Fadhili William alipofariki mwaka 2001, wapo waliosema kwamba mtunzi ni Grant Charo, na wapo waliomtaja Adam Salim. Makala haya hayakusudii kuikata kesi hiyo. Tunaitaja ili ionekane kwamba mpaka kati ya mtunzi na mwimbaji ni jambo linalogusa haki na heshima za watu, na wala si upuuzi wa wasomi.

2. Wawili hao na njia waliyopita

Simon na Garfunkel walizaliwa mwaka 1941 na kukulia katika mtaa wa Queens, New York. Walifahamiana wakiwa wanafunzi, na mwaka 1957, wakijiita Tom na Jerry, walitoa wimbo wa vijana uliopata umaarufu kidogo. Kigezo chao wakati huo kilikuwa ndugu wawili, Don na Phil Everly, ambao sauti zao ziliandamana kwa ukaribu kiasi cha mtu kushindwa kujua ni ipi inayoongoza na ipi inayofuata.

Albamu yao ya kwanza kwa majina yao wenyewe ilitoka mwaka 1964, nayo haikununuliwa. Ndani yake mlikuwamo wimbo "The Sound of Silence", ulioimbwa kwa sauti mbili na gitaa lisilo la umeme. Mwaka 1965 mtayarishaji Tom Wilson aliuongezea wimbo huo magitaa ya umeme na ngoma bila kuwauliza wenyewe, na Januari 1966 ukafika katika nafasi ya kwanza ya nyimbo zinazouzwa Marekani. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa maana umaarufu wa wawili hao ulianza kwa kazi ambayo mkono wa mtu wa tatu uliipitia pasipo idhini yao. Tangu mwanzo, swali la mwenye wimbo lilikuwa limeketi nao jukwaani.

Mgawanyo wa kazi kati yao ulifahamika. Simon alitunga na kupiga gitaa. Garfunkel aliimba, na ndiye aliyekuwa na sauti ya juu, nyembamba na safi ambayo wasikilizaji wengi waliitambua kwanza. Lakini lingekuwa kosa kumfanya Garfunkel kuwa mrija tu wa kupitishia maneno ya mwenzake. Kazi ya kuzipanga sauti, ipi ipande na ipi ishuke, ilikuwa yake kwa sehemu kubwa; na katika albamu yao ya mwisho ya studio jina lake limeandikwa pamoja na la Simon na la Roy Halee kama watayarishaji.

Mwaka 1969 Garfunkel alikwenda Mexico kuigiza katika filamu ya "Catch-22" iliyoongozwa na Mike Nichols. Simon naye alikuwa amepangiwa sehemu katika filamu hiyo, lakini sehemu yake ikafutwa. Kazi ya filamu ikarefuka, na kwa muda mrefu mtunzi akabaki New York akitunga peke yake. Hiyo ndiyo hali waliyokuwa nayo waliporudi jukwaani pamoja mwezi wa Oktoba.

3. Sauti moja na sauti mbili

Kabla ya kuendelea, hapana budi msomaji atahadharishwe juu ya jambo moja. Albamu ya "Live 1969" si kumbukumbu ya usiku mmoja. Nyimbo zake zimeteuliwa kutoka maonyesho kadhaa na kupangwa kana kwamba ni onyesho moja. Kwa hiyo aliyezipanga naye ni msanii wa aina yake, na mhakiki asijidai kusoma nia ya waimbaji katika mfuatano wa nyimbo. Tunachoweza kukihakiki kwa haki ni kila wimbo kwa nafasi yake: nani anaimba, nani ananyamaza, na hadhira inafanya nini.

Tukizitazama nyimbo kwa kipimo hicho, tunaona kwamba zinagawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni lile la sauti mbili na gitaa moja. Hapa ndipo "The Sound of Silence" inaporudishwa katika hali yake ya mwaka 1964, bila ya umeme wa Tom Wilson, na hapa ndipo ufundi wa wawili hao unapoonekana wazi zaidi kuliko katika kazi yoyote ya studio. Sauti ya Simon ni ya chini, yenye vumbi kidogo, na hulikanyaga neno kwa uzito. Sauti ya Garfunkel hupita juu yake bila kuigusa ardhi. Hakuna anayemsubiri mwenzake, wala anayemwahi. Pumzi wanazivuta mahali pamoja. Huu ni usawa unaopatikana kwa miaka mingi ya kuimba pamoja tangu utotoni, nao haufundishiki darasani.

Kundi la pili ni la nyimbo zilizopigwa pamoja na wanamuziki wanne: Fred Carter kwenye gitaa, Joe Osborn kwenye besi, Hal Blaine kwenye ngoma na Larry Knechtel kwenye piano. Ufundi wa wanamuziki hao hauna shaka, lakini hapa ndipo tunapoiona kasoro kubwa ya maonyesho hayo. Waimbaji wanajitahidi mno kuufananisha wimbo wa jukwaani na ule wa studio. Msikilizaji aliyezoea taarabu ya pwani, ambako ubeti hurudiwa kwa kuwa watu wameupenda, au ngoma ya mwazindika ya kwetu, ambako mpigaji humtazama mchezaji na kumfuata, atauona ugumu fulani katika ukamilifu huu. Hadhira imeruhusiwa kushangilia mwishoni, lakini haikuruhusiwa kuugusa wimbo wenyewe.

Kundi la tatu ndilo linalotuhusu zaidi: nyimbo ambamo mmoja anaimba na mwingine hanyanyui kinywa. "Song for the Asking" unaimbwa na Simon peke yake. "For Emily, Whenever I May Find Her" unaimbwa na Garfunkel, huku Simon akimpigia gitaa. Katika wimbo huu wa pili mtunzi bado yumo ndani ya kazi yake, maana vidole vyake vinasikika chini ya kila neno. Kimya chake ni cha kinywa tu.

Mambo yanabadilika tunapofika kwenye "Bridge over Troubled Water", yaani daraja juu ya maji yaliyochafuka.

4. Daraja

Wimbo huu Simon aliutunga mwaka 1969, naye alimpa Garfunkel auimbe. Inasemekana Garfunkel alisita mwanzoni, akaona ingefaa mtunzi mwenyewe auimbe kwa sauti yake ya juu; Simon akashikilia kwamba wimbo unataka sauti ya mwenzake. Ulipangwa kwa piano wala si kwa gitaa. Kwa hiyo, katika maonyesho ya mwaka 1969, wimbo huu ulipofikiwa, Simon hakuwa na kazi yoyote. Hakuwa na la kuimba wala la kupiga. Larry Knechtel alikaa kwenye piano, Garfunkel akasimama mbele ya watu, na mwenye maneno akakaa kando.

Yafaa kukumbuka pia kwamba hadhira hiyo haikuujua wimbo. Albamu yenye jina hilo ilitolewa Januari 1970, miezi miwili mitatu baadaye. Kwa hiyo katika rekodi tunasikia jambo lisilopatikana katika onyesho lolote la baada ya hapo: watu wakiusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kimya chao ni cha watu wasiojua maneno yanakokwenda. Garfunkel anaanza chini, karibu na kunong'ona; anauinua ubeti wa pili kidogo tu; kisha katika ubeti wa tatu anaiachia sauti yote aliyokuwa ameibana, na jengo zima linalipuka kwa makofi na vifijo. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu bora kuliko zote katika albamu, na ni bora kuliko rekodi ya studio, ambayo ina vyombo vingi zaidi na hatari ndogo zaidi.

Katika mahojiano yaliyochapishwa na gazeti la Rolling Stone mwaka 1972, Simon alieleza yaliyompitia moyoni nyakati hizo. Alisema kwamba mara nyingi, akiwa ameketi kando huku watu wakishangilia kwa kukanyaga sakafu, aliwaza kwamba wimbo ule ni wake, yeye ndiye aliyeutunga. Na alikiri kwamba wazo hilo halikuwa la ukarimu. Wengi waliofuata wamelichukua ungamo hilo kuwa ni ushahidi wa wivu, na wakatosheka. Sisi hatutosheki.

Hebu tuutazame wimbo kwa upande wa maudhui. Msemaji wake anamwahidi mtu aliyechoka kwamba atakuwa upande wake, atayapangusa machozi yake, na atajilaza awe daraja ili mwenzake avuke. Hauombi malipo wala hautaji jina la mwenye kujilaza. Sasa tuutazame kwa upande wa fani ya uwasilishaji. Aliyejilaza jukwaani ni nani? Si Garfunkel aliyeyatamka maneno ya kujitoa, maana yeye amesimama wima katika mwanga na makofi ni yake. Aliyejilaza ni mtunzi. Simon alitunga wimbo wa mtu anayejifanya daraja, kisha jukwaani akawekwa mahali pa daraja lenyewe, akavukwa usiku baada ya usiku. Maudhui na uwasilishaji vimepishana, na katika kupishana huko ndiko kuliko na uchungu wa maonyesho haya. Ni rahisi kuiandika ahadi ya kujitoa. Kuitimiza mbele ya maelfu ya watu wanaomshangilia mwingine ni kazi nyingine.

Msomaji wa maneno peke yake, aliyekaa na karatasi yake maktabani, hawezi kuliona jambo hili hata akisoma mara mia. Halimo katika maneno. Limo katika mpango wa nani anaimba na nani anakaa.

5. Mtunzi na mwimbaji kwetu

Je, mambo haya hayakuepukika? Hapa ndipo desturi zetu zinapoweza kutusaidia kuhukumu. Katika taarabu ya Mombasa, kutengana kwa mtunzi na mwimbaji ni jambo la kawaida lisiloleta fedheha. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya "Malenga wa Mvita" ya mwaka 1971, alikuwa mtunzi. Nduguye Mohamed Khamis Juma Bhalo alikuwa mwimbaji, na mengi aliyoyaimba yalitoka katika kalamu ya Ahmad Nassir. Mwimbaji alipoimba, watu waliinuka kumtuza mbele ya wote. Mtunzi hakutuzwa jukwaani, lakini kila mjuzi wa mji alijua maneno yametoka kwa nani, na heshima yake ilisemwa barazani. Zilikuwapo tuzo mbili, kila moja na mahali pake.

Utendi wa zamani nao ulikuwa na njia yake: mtunzi aliweza kulitaja jina lake katika beti za mwisho, hata atakayeughani utendi huo baada ya miaka mia alazimike kumtaja kwa kinywa chake mwenyewe. Na pale ambapo jina halikufungiwa ndani ya ubeti, kumbukumbu ya watu ilifanya kazi hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikaa katika vinywa vya watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor kuyaandika, na bado yaliitwa ya Muyaka.

Simon na Garfunkel hawakuwa na desturi ya namna hiyo. Walikuwa na jina moja la biashara lililowaunganisha wote wawili, jukwaa moja na kofi moja. Hadhira iliyowaona wawili ilidhani wote wana sehemu sawa katika kila kitu. Na ilipomwona mmoja tu anaimba, ilimpa huyo yote. Kwa hiyo tunashikilia kwamba kilichowavunja si wivu wa Simon wala tamaa ya Garfunkel ya filamu, ingawa vyote viwili vilikuwapo. Ulivunjika mkataba ambao haukuwahi kutamkwa, kwa sababu sanaa yao ilikuwa imefika mahali ambapo sauti mbili hazikuhitajika tena katika wimbo wao bora kuliko zote. Ndugu wa Everly, waliokuwa kigezo chao, walivunjika mwaka 1973 hadharani, Phil alipolivunja gitaa lake na kuondoka jukwaani. Simon na Garfunkel waliachana kwa adabu zaidi: onyesho lao la mwisho la wakati ule lilikuwa Forest Hills, Julai 1970, mtaani kwao Queens. Mcheza kwao hutuzwa, nao walituzwa. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Wapo wanaopenda kuzisoma nyimbo nyingine za mwaka ule kama barua za kuagana. Wimbo "So Long, Frank Lloyd Wright", ambao umo katika albamu hii, ni mfano mzuri. Garfunkel, aliyewahi kusomea ujenzi wa majumba, ndiye aliyeomba wimbo juu ya msanifu majengo huyo mashuhuri, na Simon alisema baadaye kwamba ndani yake alikuwa akimuaga mwenzake. Lakini anayeuimba ni Garfunkel! Anaimba kuagwa kwake mwenyewe. Hata hivyo tusije tukageuka waganga wanaopiga ramli baada ya mambo kutokea. Hadhira ya mwaka 1969 haikuwa na habari ya kuagana kokote, na ilicheka na kushangilia kama watu waliokuja kufurahi. Ushahidi tunaoutegemea sisi ni ule unaosikika: mahali ambapo sauti ya pili ilipaswa kuingia na haikuingia.

6. Funzo kwa uhakiki wetu

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanaukumbuka ubishi wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halistahili jina hilo. Euphrase Kezilahabi akajibu kwa vitendo mwaka 1974 alipotoa "Kichomi", diwani isiyofungwa na vina na mizani. Ubishi ulikuwa mkali na wenye manufaa. Lakini la ajabu ni kwamba hata waliosema shairi ni wimbo waliendelea kulipima juu ya karatasi, kwa kuhesabu silabi. Waliuliza kama linaimbika. Hawakuuliza linaimbwa na nani, mbele ya nani, na mtunzi yuko wapi wakati huo.

Matokeo yake yanaonekana katika vyuo vyetu. Mwanafunzi anapelekwa vijijini kukusanya nyimbo. Anarudi na maneno yaliyopigwa chapa vizuri na kichwa kisemacho "Wimbo wa Kitaita" au "Wimbo wa Pwani". Hatujui aliyeimba alikuwa mzee au kijana, kama alijibiwa, nani alinyamaza, wala kama pale kando alikuwapo mtu ambaye watu wote walijua kuwa ndiye aliyeutunga. Mkusanyaji amemfuta mtunzi na mwimbaji kwa kalamu moja, kisha akalipa kabila zima wimbo ambao huenda ulikuwa wa mtu mmoja mwenye jina. Ubishi juu ya "Malaika" umekuwa mgumu kwa sababu iyo hiyo: wakati ule watu waliurekodi wimbo kwa uangalifu, na habari zake wakaziacha zipotee.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila wimbo unaokusanywa uandikwe pamoja na majina ya mtunzi, mwimbaji na wapigaji, kwa idhini yao, na kwamba nafasi ya kila mmoja katika uwasilishaji ielezwe. Vilevile nyimbo zifundishwe kwa kusikilizwa, si kwa kusomwa tu. Isiwe kwamba tunaisifu fasihi simulizi kwa mdomo huku tukiihukumu kwa macho.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba maonyesho ya Simon na Garfunkel ya mwaka 1969 yana ugumu wa watu wanaoogopa kuukosea wimbo, na kwamba albamu yenyewe ni mkusanyiko uliopangwa na wengine. Kasoro hizo hazipunguzi thamani yake. Wawili hao walirudi kuimba pamoja tena, na Septemba 1981 walikusanya watu wapatao nusu milioni katika bustani ya Central Park. Lakini hapo wimbo wa daraja ulikuwa mali ya ulimwengu, kila mtu akiujua kabla ya piano kuanza. Mwaka 1969 ulikuwa bado ni wa watu wawili, na watu wawili hao walikuwa hawajakubaliana ni wa yupi. Atakayetaka kujua jinsi utunzi unavyoweza kumshinda mtunzi wake, na ausikilize huku akimkumbuka yule aliyeketi kando ya piano asiyesikika kabisa.